Nazi haikuwa na kosa

Miezi minne nilikula samaki wa kuchemsha. Mimi, mzaliwa wa Langoni, samaki bila tui! Kipimo kilisema lehemu yangu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) imepanda hadi 7.4, na Lamu nzima ikageuka daktari. Shangazi akaniletea dawa yake: kitunguu thaumu, ndimu na tangawizi, vyote vimesagwa, kijiko asubuhi na jioni. Niliinywa mpaka mume wangu akahamia barazani na mto wake. Watoto walijua nimefika kabla sijapiga hodi. Siku moja kwenye boti ya Mokowe mama mmoja alinihama, akaona heri akakae juani. Nikapima tena: 7.3.

Na dalili nilikuwa nazo wazi. Kaskazi imepamba moto, watu wanajipepea, mimi nimejifunika shuka. Sauti nzito kama ya nahodha, choo kigumu, usingizi mchana kutwa. Nikasema ni uzee, nami nina miaka 46 tu.

Daktari wa Malindi (nauli na chai za njiani zilinila kama elfu tatu) hakuuliza habari ya nazi. Aliuliza, "Mama, joto hili na sweta?" Akaagiza kipimo cha tezi ya shingoni, thairoidi. TSH, homoni ya kuihimiza tezi hiyo ifanye kazi, ilikuwa 38, wakati kawaida haipiti 4 na kidogo: tezi yangu imezembea, inapigiwa kelele. Akanieleza kuwa ini lina vishikio vya kunasa lehemu mbaya inayopita kwenye damu, na homoni ya thairoidi ndiyo huliamrisha livitengeneze vingi. Nikamwambia, basi ni gatini kwetu: majahazi yamejaa, mahamali wamelala. Akacheka. (Jirani yangu lehemu ilimpanda hedhi ilipokatika, estrojeni nayo huliongezea ini vishikio.)

Nikapewa levothairoksini, homoni ya thairoidi ya kidonge. Mwanzo nilikuwa naimeza kwa chai ya maziwa, na hapo haifyonzwi vizuri. Sasa kidonge hulala juu ya mswala, sina pa kukikwepea. Alfajiri nakimeza kwa maji matupu, naswali, nakata mahamri na kuyaacha yaumuke. Mpaka la kwanza litoke karaini, saa imepita. Ramadhani nakimeza kabla ya kulala, futari ikiwa imeshuka.

Wiki nane, 5.8. Miezi sita, 4.9, na tui nalitia kama zamani. Shangazi anashikilia kuwa ni kile kitunguu thaumu, kilichelewa tu kufanya kazi. Sikumbishia. Nilimpelekea sahani ya samaki wa kupaka.