Jina langu halikuwepo kwenye karatasi yake

Kuna siku moja mwezi wa nne niko dirishani nakunja nguo, nikaona mama mmoja wa makamo na kijana wanapita mtaani kwetu hapa England na makaratasi, wana yale maua ya utepe vifuani, nikajua hawa watu wa udiwani. Wakagonga kwa jirani wa kushoto. Nikasema haya, sasa zamu yangu, leo watanieleza habari ya basi letu limeenda wapi. Nikavaa hadi khanga vizuri. Yule mama akaangalia karatasi yake, akaangalia mlango wangu, akapita zake kwenda kwa jirani wa kulia.

Jamani nilichukia! Nikasema si ndo ubaguzi wenyewe huu. Jioni jirani akanielewesha, tena anacheka: ile karatasi ni orodha ya waliojiandikisha kupiga kura, usipokuwepo kwenye orodha kwao wewe ni nyumba tupu, kwanini wapoteze muda na viatu. Na mimi hapo nina miaka sita nalipa kaunsili taksi, ile kodi ya halmashauri, kila mwezi bila kuchelewa.

Sasa nije kwenye basi. Nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia watu wasiojiweza, shifti ya jioni naitoka saa tatu usiku, na basi la mwisho la kuja kwetu lilikuwa linapita saa tatu na nusu. Lile basi kampuni peke yake isingeliendesha maana abiria wachache, kaunsili ndo ilikuwa inaongezea hela. Wakakaa kikao cha bajeti, wakakata. Waliokata ni madiwani, watu wanaokaa kata hii hii, na waliwekwa pale na watu wachache sana, maana kwenye chaguzi hizi za Uingereza mara nyingi hata nusu ya waliojiandikisha hawatokei. Mimi niliyekuwa natembea dakika arobaini usiku kwenye baridi sikuwemo hata kwenye hesabu ya waliokaa nyumbani.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Sisi Watanzania wa huku kwenye magrupu ya WhatsApp tunabishana siasa za Dodoma mpaka saa nane usiku, watu wanatoleana maneno, wanatoka kwenye grupu wanarudishwa, na kura ya nyumbani ukiwa huku huna! Wakenya angalau wanampigia rais wao. Halafu hii ya hapa tuliyopewa mkononi tunaiacha kwa sababu kila mtu kaambiwa na mtu kuwa "hiyo ni ya wenye pasi ya Uingereza". Siyo kweli. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, umefika miaka 18, unaishi hapa na una kibali halali cha kukaa, unajiandikisha na unapiga, iwe viza ya kazi, ya masomo au ya kumfuata mwenzio. Mtanzania, Mkenya, Mganda wote ndani, na Mnyarwanda pia maana wao waliingia Madola mwaka 2009. Na haikugeuzi kuwa Muingereza, wenye wasiwasi wa uraia mtulie, ni haki ambayo hata wasio raia wamepewa.

Ndugu zangu wa Kongo na Burundi hapa England mnakwama kama hamjachukua uraia, msijiandikishe kwa kubahatisha, kudanganya kwenye ile fomu ni kosa. Ila mlioko Scotland na Wales mambo ni tofauti, kule mgeni wa nchi yoyote mwenye kibali anapiga kura ya kaunsili, na hata vijana wa miaka 16 wanapiga.

Kujiandikisha ni onlaini kwenye tovuti ya serikali, dakika tano, uwe na namba yako ya National Insurance, ile ya hifadhi ya jamii. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, na uchaguzi wenyewe kawaida ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa tano, kwahiyo usisubiri mpaka uone mabango. Ile barua ya kaunsili inayokuja kuuliza nani anaishi humu ndani, ile unayoitupa pamoja na matangazo ya piza, ndo inahusu haya mambo. Na kwa wanaotafuta mkopo wa nyumba, wakopeshaji wanaangalia kama jina lako lipo kwenye hilo daftari, basi kama siasa huipendi jiandikishe hata kwa hilo.

England siku hizi lazima uende na kitambulisho chenye picha, tangu 2023. Pasi ya Tanzania wanaikubali, mimi nilienda na hiyo hiyo. Nilivyozoea foleni za nyumbani nilibeba na maji. Nikakuta ukumbi wa kanisa, wazee wawili na birika la chai, mbwa wa mtu kafungwa mlangoni, na kwenye kibanda penseli fupi imefungwa kwa kamba. Penseli! Nikatafuta wino wa kidole, hakuna. Unaweka X, siyo vema, unatumbukiza, unaondoka. Vituo vinafungwa saa nne usiku kwahiyo hata sisi wa shifti tunawahi.

Anayesema kura moja haina kazi nampa hii: 2017 kule Northumberland, kaskazini mwa England, kata ya South Blyth, wawili waliongoza kwa kura sawasawa, wakahesabu tena, bado sawa. Wakavuta vijiti kumpata mshindi. Chama cha aliyeshindwa kikakosa kiti kimoja tu kushika kaunsili nzima.

Kwetu madiwani wanachaguliwa kwa mafungu, siyo wote mwaka mmoja, kwahiyo mwaka uliofuata yule mama alirudi. Akaangalia karatasi, akagonga. Nilimshikilia mlangoni na habari ya basi mpaka maandazi yangu yakaungua jikoni, na yeye anaandika tu.

Basi bado halijarudi. Mwezi ujao yule mama ana siku yake ya kusikiliza watu pale maktaba, mnaotoka shifti usiku twendeni wote.