Dekoda: spidi unailipa kwa waya

Mudogo mumoja mwenye anasoma elektroniki hapa Goma ameniandikia kwa WhatsApp: "Mukubwa, kama dekoda ya LDPC iko polepole si unaongeza tu ma-prosesa, shida iko wapi?" Nikaona nimujibu hapa, juu batu mingi banafikiriaka vile.

LDPC ni kodi (code) ya kurekebisha makosa ya biti zenye zimetumwa, na dekoda ni sakiti yenye inafanya ile kazi. Si kitu ya jana. Gallager aliitosha kule MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikalala kama miaka 30 juu mashine za ule wakati hazikuiweza, na leo iko kwa Wi-Fi, iko kwa 5G, iko kwa DVB-S2, ile standadi ya televizyo ya satelaiti, yenye inaingiaka kwa ma-parabol unaona juu ya mabati ya Birere na Himbi. Biti zinafika zimechafuka, halafu ma-noda (vituo vidogo vya hesabu) za biti na ma-noda za ukaguzi, zenye kila moya inakagua kikundi ya biti, zinaanza kutumiana ujumbe, raundi kwa raundi, mpaka makosa yaishe.

Sasa hesabu yenyewe ni bei rahisi sana. Min-sum, njia ya kawaida ya kuhesabu ule ujumbe, inatafuta tu namba ndogo kuliko zote na ile yenye inaifuata, na kuzidisha kwa 0.75 hakuombake hata multiplaya, unachukua nusu unaongeza robo, basi. Chenye kinakula chipu ni waya na memori. Unaweza kodi chukudu mia moya, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, lakini kama barabara ni moya zitabanana zote pale kwa sanamu ya chukudu na magunia hazifike. Mwaka 2002 mainjinia Blanksby na Howland bakaonyesha chipu ya kodi ya biti 1024 kwenye kila noda iko na sakiti yake: Gb/s 1, na kloki ni MHz 64 tu. Tamu! Lakini ilikula milimita mraba 52.5, na karibu nusu ya ile nafasi iliachiwa njia za waya. Tena inajua kodi moya tu, standadi ikibadilika unaitupa.

Njo maana kodi za leo zinapangwa kwa mafungu tangu mwanzo. Kwa Wi-Fi, fremu ya biti 1944 inaendaka kwa mafungu ya 81, so unaweka prosesa 81 na kitu moya ya kuzungusha data katikati, na zile waya za kila pembe zinaisha. Hesabu kidogo: reti 1/2 (nusu ya biti ndiyo data ya maana), tuseme raundi moya inakula saikili (mapigo ya kloki) 90, raundi 10 ni 900. Kwa MHz 200 unapata fremu 222,000 na kitu kila sekunde, kila moya na biti 972 za maana, kwa hiyo karibu Mb/s 216. Kwa chipu ndogo! Na kama unapiga leya (kikundi ya ukaguzi) moya-moya, yaani majibu ya leya ya kwanza inatumika palepale na ile ya pili, raundi zenye unahitaji zinapungua karibu nusu, mimi hapo sionake sababu ya kufanya ile ya zamani ya leya zote pamoja.

Kwa memori, usiweke ujumbe zote. DVB-S2 ya reti 9/10, kila ukaguzi unagusa biti 30. Ujumbe wa biti 5 mara 30 ni biti 150. Lakini min-sum inatoa namba mbili tu: weka zile mbili (biti 4+4), nafasi ya ile ndogo (biti 5), na alama 30 za kujumlisha ao kutoa. Jumla biti 43. Hapo spidi haijaguswa hata kidogo, na watu banapitaka juu yake banakimbilia kuongeza prosesa.

Kuna na kusimama mapema: ukaguzi zote zikikubali, unaacha. Mbingu ikiwa safi inamaliza haraka, lakini mvua ya hapa kwetu unaijua, ikimwaga dekoda inazunguka mpaka raundi ya mwisho na fremu ingine tayari iko mulangoni. Kwa hiyo ile inakuokolea kurani (umeme), nafasi ya chipu hapana, ukubwa wa chipu unaupima na siku ya mvua, ao uongeze bafa, pahali fremu zinangojea, na bafa nayo ni memori.

DVB-S2 mafungu ni ya 360, fremu biti 64,800. Kwa televizyo ya nyumbani usianze na prosesa 360 mudogo wangu, anza na 90 ao hata 45, zote zinagawanya 360 bila kubakiza, uone kama Mb/s inatosha ndipo upande.