Nilivyojifunza kuona mikono na miguu ya mtoto mimba ikiwa changa

Nilipohamia kituo cha afya huku Rungwe, utrasaundi niliijua ya mimba kubwa: kichwa kiko wapi, maji yanatosha, kondo limekaa wapi. Mimba changa nilikuwa naangalia mapigo ya moyo na urefu, basi. Viungo nilifundishwa hapahapa na daktari mmoja aliyekuwa akija kututembelea kutoka Mbeya mjini.

Kwanza alinituliza kuhusu wiki. Wiki ya 8 unaona vichipukizi tu pembeni mwa kiwiliwili, vya mikono vikitangulia kidogo vya miguu. Raha kuviona, lakini mama huna cha kumwambia. Wiki ya 12 na 13 ndizo zenyewe: mifupa imeanza kukomaa, inang'aa nyeupe ndani ya maji meusi, na mtoto ana nafasi ya kujinyoosha. Viganja navyo mara nyingi viko wazi. Miezi ikisogea anakunja ngumi, utamsubiri hadi uchoke.

Shida ya huku ni tarehe. Ukiuliza hedhi ya mwisho unajibiwa, "Tulikuwa tunapalilia mahindi." Kwa hiyo naanza na urefu wa mtoto kutoka utosini hadi makalioni. Ukiwa kati ya milimita 45 na 84, tuko wiki ya 11 hadi mwisho wa 13, naendelea.

Naanzia paja. Nazungusha proba, kile kishikio kinachopita juu ya tumbo, taratibu mpaka mfupa ulale wote kwenye skrini, kama sentimita moja hivi kwa wiki ya 13, kisha nateremka: muundi, unyayo. Mguu wa pili vilevile, halafu mikono: juu ya kiwiko, chini ya kiwiko, kiganja. Sehemu tatu kila kiungo, na sihamii kingine kabla ya kuziona zote. Ukirukaruka utapima mguu uleule mara mbili na kudhani umemaliza.

Mtoto wa umri huo hatulii. Kuna mama mchuma chai, mtoto wake alipunga mkono na kuuficha kabla sijabonyeza kitu. Nikasimamisha picha, nikaizungusha nyuma polepole, kiganja kikarudi, vidole vimetawanyika. "Vipo vitano, dada?" akauliza. Nikamwambia, "Mama, kiganja nimekiona kimefunguka vizuri, kuhesabu tutahesabu akikua kidogo." Nilipomaliza akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaomba picha ya kumwonyesha mumewe.

Baridi ya huku kwetu Tukuyu usiidharau. Jeli ikiwa ya baridi mama anakaza tumbo na huoni kitu. Chupa yangu inakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Na wenzangu wanaopenda kumsikilizisha mama mapigo ya moyo kwa Dopla, ile sehemu ya mashine inayotoa sauti ya damu ikipita, miezi hii ya mwanzo, mimi siungi mkono. Inapeleka nguvu nyingi kwa kichanga bila sababu, wakati moyo unaonekana ukipiga bila hiyo.

Kiungo nisichokiona namrudisha mama wiki inayofuata. Nikipata shaka ya kweli, rufaa Mbeya. Wote narudia kuwapima wiki ya 18 hadi 22, maana nyayo zilizopinda na kasoro za vidole zinaweza kujificha mapema. Nauli ndiyo inayowakwamisha, hivyo tarehe hiyo naiandika kwenye kadi ya kliniki siku moja na hudhurio lao la kawaida, waje mara moja tu.