Baraza la mbao na theluji: pa kukagua, pa kukarabati, pa kuacha

Baridi yenyewe haiozeshi mbao. Kuvu inayokula mbao hulala halijoto inapokaribia sifuri, na huchangamka kati ya nyuzijoto 10 na 35. Baraza la nje hupita miezi ya theluji bila kuongeza uozo wowote, kisha likaharibika wiki chache za mwanzo wa joto. Kinachofanywa na baridi ni kuingiza maji. Theluji hukaa juu ya mbao, mchana inayeyuka, usiku maji yanaganda, na yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9. Ufa unafunguka kidogo, kesho yake unameza maji zaidi. Joto likirudi, kuvu inakuta mbao zimeshashiba. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Ikikaa juu ya asilimia 28 hivi kwa muda mrefu, inaoza, hata ile iliyotiwa dawa kiwandani, kwa sababu ufa hufika hadi kiini ambako dawa haikupenya.

Ukilijua hilo, mpangilio wa kazi unabadilika. Wengi huanza na rangi ya juu. Rangi inapaswa kuja mwisho.

Anza chini

Ukaguzi ufanywe theluji ikishaisha na ardhi ikishayeyuka, kabla ya kununua chochote. Ingia chini ya baraza ukiwa na tochi, bisibisi bapa na spana. Choma bisibisi kwenye vichwa vya boriti, chini ya nguzo, mahali baraza linapokutana na ukuta wa nyumba, na sehemu ya juu ya kila boriti pale skrubu zilipoingia. Mbao nzima inakataa, na ukiichokonoa inatoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Iliyooza inapokea ncha milimita 6 au zaidi bila kulazimishwa, na vipande vyake hukatika vifupi vifupi. Rangi ya kijivu peke yake isikutishe, hiyo ni kazi ya jua na mvua kwenye ngozi ya juu tu.

Boriti iliyofungwa ukutani ndiyo ya kukaguliwa kuliko zote, maana mabaraza yanayoporomoka na watu juu yake mara nyingi hung'oka hapo. Sababu ni mbili, na huja pamoja: boriti ilipigiliwa misumari mitupu, na juu yake hakuna bati la kukinga maji. Msumari hushika kwa msuguano. Mbao ikivimba na kusinyaa misimu kadhaa, msumari unajitoa wenyewe taratibu. Panatakiwa bolti au skrubu nene za milimita 12 zenye washa, zimepangwa moja juu moja chini, na ziwe zimeshika kwenye boriti au ukuta imara wa nyumba, si kwenye mbao nyembamba za kufunika ukuta. Kwa baraza ambalo boriti zake zina urefu wa mita 3, skrubu hizo zikae kila sentimita 40 au karibu zaidi. Bati nalo liingie nyuma ya kifuniko cha ukuta, lipite juu ya boriti na kukunjwa mbele yake ili maji yadondoke nje. Silikoni pekee haifanyi kazi ya bati. Ikipita baridi moja au mbili inabanduka upande mmoja na kuwa mfuko wa maji. Na bati la alumini lisigusane na mbao yenye dawa ya shaba, kwani litatoboka.

Nguzo iliyoinuliwa na ardhi

Baraza likiinama upande mmoja mwisho wa baridi, kisha likarudi nusu kiangazi, usihangaike na mbao. Tatizo liko ardhini. Udongo wenye chembe laini hunyonya maji kutoka chini kuelekea sehemu inayoganda, maji yanajikusanya kuwa matabaka ya barafu, na matabaka hayo ndiyo yanayoinua. Kitako cha zege kisichofika chini ya kina cha kuganda kinabebwa nayo. Kina hicho hutofautiana sana: mahali pengine sentimita 60, kwenye baridi kali mita 1.2 hadi 1.5 au zaidi. Mamlaka ya ujenzi ya eneo husika huwa na kipimo chake, na ndicho cha kufuata. Hata kitako kirefu kinaweza kung'olewa iwapo ubavu wake una makunyanzi, kwa sababu udongo ulioganda unaushika na kuuvuta juu. Ndiyo faida ya kumwaga zege ndani ya bomba laini la karatasi ngumu, chini pakiwa papana kuliko juu. Zege ikifurika mdomoni mwa shimo na kutandaa, barafu imepewa pa kushika.

Usikate nguzo wakati ardhi bado imeganda ili kusawazisha baraza. Ardhi itashuka, na nguzo itabaki ikining'inia hewani. Subiri iyeyuke yote, pima kwa pimamaji, ndipo uamue.

Kubadilisha kitako kunahitaji subira kuliko nguvu. Tandika mbao nene tabaka mbili zenye upana wa sentimita 60 kila upande, simamisha nguzo ya muda kwenye jeki ya tani 5 au zaidi, ndani ya sentimita 30 kutoka nguzo ya zamani. Legeza kwanza bolti za reli za pembeni. Inua milimita 3, simama, nenda ukaangalie boriti ya ukutani, ndipo uinue tena. Unatafuta kuondoa uzito tu. Ukizidisha unang'oa bolti kule ukutani. Chimba hadi chini ya kina cha kuganda, weka kokoto sentimita 10 hadi 15, mwaga zege, na zamisha bolti ya nanga ikiwa bado mbichi. Zege isiguswe na jalidi siku za mwanzo. Ipe siku 7 kabla ya kuirudishia mzigo. Nguzo ikae juu ya kikalio cha chuma kinachoiacha hewani milimita 25 hivi. Nguzo iliyofukiwa ndani ya zege huoza palepale usawa wa ardhi, mahali ambapo huwezi kuona wala kupaka.

Boriti zinazooza kuanzia juu

Ubao wa juu unaweza kuonekana mzima huku boriti iliyo chini yake imeliwa. Maji hushuka na skrubu, majani na takataka hujaa kwenye mwanya, na pale juu ya boriti panabaki unyevu hata siku ya jua. Fungua mbao, chonga sehemu laini kwa patasi mpaka ufike kwenye mbao inayolia ukiigonga, acha ikauke hadi chini ya asilimia 20, kisha paka dawa ya shaba. Dawa ya boroni nayo ni nzuri, lakini huoshwa na mvua, kwa hiyo itumike pale tu patakapofunikwa.

Kama uozo umekula kina cha kueleweka, funga boriti ya pili ubavuni. Iwe na kimo kilekile, na ikiwezekana ifike pande zote mbili, ikilala kwenye mhimili na kwenye kishikizo cha ukutani (chuma kilichokunjwa kinachobeba kichwa cha boriti). Ikishindikana, ipite sehemu mbovu kwa angalau sentimita 60 kila upande. Bolti za milimita 12 kila sentimita 40, zikipishana juu na chini, sentimita 5 kutoka ukingoni. Boriti ya zamani huwa imesinyaa milimita kadhaa kwa kimo, hivyo piga randa ile mpya kabla ya kuifunga, la sivyo ubao utakaa na kibyongo. Kisha funika sehemu ya juu ya boriti zote mbili kwa utepe wa butili (mpira unaonata na kuzuia maji), ukivuka mwanya uliopo kati yao. Utepe huu ndio nyongeza rahisi kuliko zote katika ukarabati wa baraza, na sioni sababu ya kuuruka kila mbao zinapofunguliwa.

Kuhusu vyuma: dawa za kisasa za mbao zina shaba nyingi, na shaba hula chuma kitupu na zinki nyembamba ya rangi ya kung'aa. Tumia vilivyochovywa kwenye zinki ya moto, au stenlesi daraja 304. Penye chumvi nyingi, 316. Usichanganye aina mbili kwenye kiungo kimoja. Skrubu nyeusi za dari ni marufuku kwenye vishikizo vya boriti, huvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Kila tundu la kishikizo lijazwe kwa msumari wake mfupi mnene.

Mbao za juu

Ubao wa unene wa milimita 25 hadi 28 unataka boriti kila sentimita 40, na ukiwekwa kimshazari, kila sentimita 30. Skrubu za milimita 63 zinautosha. Ubao wa milimita 38 unataka za 75. Mbili kwa kila boriti, milimita 20 hadi 25 kutoka ukingoni, na karibu na vichwa vya ubao toboa kwanza kwa kekee. Kichwa cha skrubu kiishie usawa wa ubao. Kikizama kinaacha kikombe cha maji, na hicho kikombe kikiganda ndipo ufa unapoanzia. Skrubu inayozunguka bila kushika isibadilishwe kwa nyingine ya unene uleule kwenye tundu lilelile. Isogeze sentimita 2 au tumia nene zaidi.

Mbao kavu ziachiane milimita 5. Mbao mbichi zenye dawa zilale karibu zikigusana, kwa kuwa ubao wa milimita 140 utasinyaa wenyewe milimita 3 hadi 6. Wengi huacha mwanya mkubwa siku ya kwanza, na kiangazi kinachofuata kisigino cha kiatu kinanasa. Suala la upande gani wa miduara ya mti uangalie juu limewabishanisha mafundi miaka mingi. Weka juu upande usio na vifundo na kasoro, uendelee na kazi.

Kila kichwa kilichokatwa kipakwe dawa ya shaba mara mbili kabla ya kufungwa. Kichwa cha ubao hunywa maji haraka mno kuliko uso wake, na dawa ya kiwandani mara nyingi haijafika katikati. Vumbi la mbao hizi lisivutwe puani, na mabaki yasichomwe: za zamani zaweza kuwa na aseniki.

Mafuta, na kwa nini si rangi

Vanishi na rangi nzito hutengeneza ngozi juu ya mbao. Ngozi hiyo hupasuka mbao zinapotanuka, maji huingia kwa chini na hayatoki, kisha barafu inaibandua mapande mapande. Baada ya hapo ni kukwangua kila mwaka. Mafuta yanayopenya, yenye rangi kidogo ya kuzuia jua, hayabanduki. Yanafifia tu, na unaongeza juu yake.

Safisha kwa sodiamu perkaboneti (unga wa kusafishia unaotoa oksijeni ukilowa), gramu 150 hadi 200 kwa lita 4 za maji ya uvuguvugu. Acha dakika 15 bila kuruhusu ikauke, sugua kwa brashi ngumu ya plastiki kufuata nyuzi, suuza. Madoa meusi kuzunguka skrubu ni ya chuma. Yanatoka kwa asidi ya oksaliki, gramu 100 kwa lita 4, ukiwa na glavu na miwani, na mimea ya karibu ikiwa imelowanishwa kwanza. Klorini iache kabisa, inalegeza nyuzi za mbao na kuamsha kutu. Mashine ya maji ya presha isizidi baa 70 hadi 100 na mdomo wake mpana ukae sentimita 30 juu. Ukiona manyoya yanasimama, umeshaharibu.

Kausha siku 2 hadi 3. Msasa namba 60 au 80 unatosha; laini zaidi hufunga vinyweleo na mafuta hayaingii. Paka wakati kuna nyuzijoto 10 hadi 30, ubao usiwe na jua la moja kwa moja, na unyevu wake uwe chini ya asilimia 15. Mkono mmoja mwembamba, na baada ya dakika 15 hadi 20 futa kilichobaki juu kwa tambara. Kinachonata kesho yake ni mafuta yaliyozidi. Matambara hayo yatandazwe nje yakauke au yatumbukizwe kwenye ndoo ya maji, kwani yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Muda wa kurudia utaambiwa na tone la maji: likizama ndani ya dakika chache badala ya kukaa juu, wakati umefika.

Theluji ikianguka

Kabla haijaanguka, toa majani na takataka kwenye mianya yote kwa kisu cha kukwangulia, ondoa vyungu na mikeka, na usifunike baraza kwa turubai, kwa sababu linafungia unyevu ndani. Chini pia pabaki wazi hewa ipite. Angalia gata la paa: maji yanayodondoka sehemu moja usiku kucha hujenga bonge la barafu ambalo ubao mmoja unalibeba hadi mwisho wa msimu.

Theluji mpya ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo, lakini iliyolowa na kushindiliwa hufika 400. Sentimita 40 za aina hiyo ni kilo 160 kwa kila mita ya mraba. Kwenye baraza la mita 3 kwa 4 ni karibu tani 2, kabla hajapanda mtu. Kiwango cha kawaida cha usanifu Marekani ni takribani kilo 195 kwa mita ya mraba, kwa baraza lisilo na uozo. Ondoa theluji ikiwa bado nyepesi, kwa koleo la plastiki, ukifuata urefu wa mbao, na acha tabaka jembamba chini. Barafu isipigwe kwa chuma. Chumvi ya kawaida hudhoofika sana chini ya nyuzijoto 9 hasi na hula skrubu mwaka mzima. Kloridi ya kalsiamu hufanya kazi kwenye baridi kali zaidi, ila nayo huacha unyevunyevu juu ya mbao na haisamehi vyuma. Mchanga kidogo kwenye ngazi unatosha siku nyingi. Vyovyote utakavyotumia, suuza baraza lote kwa maji mengi siku ya kwanza ambayo hakuna hatari ya kuganda usiku.