Hauna Mtu

Jumamosi, Mei 23, 2020

Maneno mawili yamenikosesha usingizi tangu Jumanne, na nimeona ni heri niyaandike hapa kabla sijaingia nayo wiki nyingine.

Jumanne asubuhi Baba Mapacha alipita nyumbani, kama apitavyo siku hizi, kumuuliza mama kama kuna migomba ya kupalilia au majani ya kumkatia ng'ombe. Mnamfahamu: ni jirani yetu wa chini ya mfereji, mgumu, yaani mpagazi wa wageni, wa miaka kumi na minne mlimani Kilimanjaro, yule aliyenibebea kamera hadi kreta ya Maundi, chini kabisa mlimani, mwaka juzi bila kukubali hata soda. Mama alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa barazani na kompyuta, nimetoka kuhamisha picha za mlima za alfajiri hiyo, na furaha ilikuwa imenijaa kiasi kwamba sikumkaribisha hata kiti. Nilimgeuzia kioo nikamwambia, "Hebu tazama, Baba Mapacha. Umewahi kuuona hivi?"

Akainama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Umetulia, dada. Hauna mtu."

Nami nikajibu, "Ndiyo maana umependeza."

Akatabasamu kwa adabu, akasema atapita tena mama akirudi, akashika njia ya mferejini.

Nieleze kwanza picha yenyewe, kwa sababu bila hiyo jibu langu halieleweki. Masika ya mwaka huu yametuficha mlima kwa majuma mengi, na hata asubuhi zilizofunguka zilifunguka kwa muda mfupi sana. Jumanne saa kumi na moja alfajiri nilitoka nje nikakuta nyota. Nilibeba stendi na lenzi ya milimita 200 hadi ukingo wa kihamba, shamba la migomba, cha babu, pale mti ulipoanguka mwaka jana ukaacha mwanya. Saa kumi na mbili na robo, sisi huku Marangu tukiwa bado gizani, mwanga wa kwanza uligusa Kibo, kwa kuwa kilele chenye mita 5,895 hulipata jua mapema kuliko sisi. Theluji mpya ilikuwa imeshuka chini sana, na kwa dakika zisizozidi tano yote ikawa na rangi ya pera lililopasuliwa. Nilipima mwanga kwenye theluji ili isiungue, nikaiacha migomba ibaki nyeusi chini kabisa ya picha. Mawenzi, kilele cha pili, ulikaa kulia, bado wa kijivu, kama haujaamshwa.

Nimeupiga mlima huu tangu nikitumia kamera ya filamu ya baba mdogo, lakini siku zote ulikuwa nyuma ya mabega ya watu: wageni wa getini, maharusi, watoto wa kipaimara. Mwaka huu, baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Machi 16, sendofu tatu nilizokuwa nimepokea arubuni ziliahirishwa, wageni wakaacha kuja, na mlima ukabaki peke yake mbele ya lenzi yangu. Nikaanza kuamka kwa ajili yake tu. Nimejua sasa wingu gani litapanda kabla ya saa mbili na lipi litakaa kwenye msitu mpaka jua liliondoe, na nimejua kwamba mchana mlima huwa bapa kama karatasi, lakini jioni kila bonde lake hupata kivuli chake. Hizi ndizo picha bora nilizowahi kupiga, na kila asubuhi iliyofunguka nimeipokea kwa shukrani.

Kwa hiyo jibu langu kwa Baba Mapacha lilitoka moyoni, na hapo ndipo linaponichoma. "Hauna mtu." Mimi niliyasikia kuwa sifa, maneno ambayo mpigapicha mwenzangu angeyasema. Yeye alikuwa amekuja kutafuta kibarua. Kila mgeni mmoja anayepanda huhitaji wagumu kadhaa, na mzigo wa kilo 20 begani ndio unga, mafuta ya taa na madaftari ya mapacha. Mlima usio na mtu ni jiko lisilo na moto, nami nilimwambia usoni kwamba ndiyo maana umependeza. Nimelirudia jibu hilo nikiosha vyombo. Nimelirudia Alhamisi ibadani, siku ya Kupaa, mpaka nikapitwa na somo la pili. Wiki hiyo hiyo anga lilifunguliwa kwa ndege za abiria kutoka nje, mdogo wangu akaambiwa arudi chuoni Juni 1, na mguu wa baba mdogo ukapata nafuu. Yote hayo nimeyasikia kama mtu asikiaye redio ya jirani.

Bibi alikuwa akitusimulia kwamba Mawenzi, kila moto wake ulipozimika, alikwenda kuomba makaa kwa Kibo, mpaka siku Kibo alipochoka akamtwanga kwa mchi, na ndiyo maana Mawenzi ana mapengo hadi leo. Utotoni nilimcheka Mawenzi. Wiki hii nimemfikiria Kibo, aliyekuwa na moto nyumbani kwake.

Jana niliisafisha picha ile kwa ukubwa wa kumi kwa kumi na mbili, kwenye mojawapo ya karatasi za mwisho zilizobaki studio. Wazee wetu waliomkosea mtu walitanguliza jani la sale kuomba msamaha. Nilichuma moja mpakani, nikaliweka kwenye bahasha, kisha nikalitoa, kwa kuwa sikuwa na hakika kwamba najua kulipeleka inavyopasa. Nikaenda na picha, pamoja na sado moja ya mahindi ambayo mama alikuwa amekwisha kuipima bila kuambiwa na mtu.

Nilimkuta akichonga mpini wa jembe. Nikasema, "Kaka, Jumanne nilikujibu vibaya." Akauliza nilijibu nini. Nikalirudia neno kwa neno, sauti ikinikauka. Akasema halikumbuki. Mpaka sasa sijui kama kweli halikumbuki au alinihurumia, na sitamuuliza.

Alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea picha, akaigeuza kuelekea mwanga. "Hii ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili na robo alfajiri."

Kidole chake kilipita juu ya karatasi bila kuigusa: hapa kwenye tandiko, ule uwanda kati ya Mawenzi na Kibo, hapa Kibo Hut, kibanda cha mwisho cha wapandaji, mita 4,720, hapa juu ukingoni mwa kreta Gilman's Point. "Saa hizi tuko hapa, tunachemsha maji ya wanaoshuka," alisema. "Lakini uzuri wenyewe, dada, ni saa saba za usiku, wanapopanda na taa vichwani. Ukitoka nje ya kibanda unaona mstari wa taa unajikunja, unajikunja, mpaka hujui ipi ni taa na ipi ni nyota." Akanyamaza kidogo. "Hiyo huna."

Ni kweli, sina. Nimezaliwa chini ya mlima huu na sijawahi kupita Maundi. Kwa siku nne nilikuwa nimesikia njaa peke yake katika maneno yake, na njaa ilikuwamo, lakini mtu huyu alikuwa pia akiwakumbuka watu wake usiku ule wa taa, naye alikuwa ameitazama picha yangu kama mtu anayetazama uwanja wa nyumbani baada ya wageni kuondoka.

Tumekubaliana kwamba wageni wakirudi atanipeleka hadi Kibo Hut. Nilisema nitamlipa kama mgeni yeyote anavyolipa, akasema tutaongea. Tangu jana nahesabu: stendi isiyotikiswa na upepo, lenzi iachwe wazi kwa sekunde thelathini, labda zaidi, ili taa zichore mstari wenyewe, na betri zilale kifuani mwangu zisiuawe na baridi. Nimeandika hesabu hizo nyuma ya bahasha ya sale.

Mama ameingia sasa hivi kuniambia kwamba ng'ombe hajagusa majani tangu jana jioni na masikio yake ni ya baridi. Ana mimba ya miezi minane. Nimempigia bwana mifugo mara tatu, na simu yake haipatikani.