Waliosema GPA hujengwa mwaka wa tatu hawakupiga hesabu

Siku ya kwanza hosteli, kaka mmoja wa mwaka wa tatu alitupa wosia: "Mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, GPA mtaijenga huko mbele." Tukaitikia amina. Nilikuja kukokotoa nikiwa tayari nina GPA (wastani wa alama, kati ya 5) ya 3.1, na hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Digrii ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani 120 kila mwaka, na uzito ni uleule. Ukitaka kumaliza na 3.5, pale linapoanza daraja la pili la juu, wakati mwaka wa kwanza umeambulia 3.1, miaka miwili iliyobaki lazima iwe na wastani wa 3.7. Ukizembea na wa pili ukapata 3.0, wa tatu unakudai 4.4. Hiyo ni alama ya daraja la kwanza, sasa sijui utaitoa wapi ghafla.

Kingine ambacho hatukuambiwa: chuoni kwetu GPA inakatwa, haikadiriwi kwenda juu. Ukipata 3.49, cheti kinaandika 3.4.

Basi nikaacha kusoma kwa mapenzi, nikasoma kwa krediti. Kozi ya krediti 12 ukiitoa B ukaipeleka B+, umeongeza pointi 12, maana A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2, mara krediti za kozi. Ya krediti 8 inakupa 8. Jioni moja iliyobaki kabla ya mtihani naipeleka wapi? Jibu liko hapo.

CA, yaani alama za testi na kazi za muhula, ni 40, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni 60. Ukiingia UE na CA ya 28, B+ (jumla 60) inakuhitaji 32 kati ya 60, na A (jumla 70) inahitaji 42. Mwenye CA ya 18 anahitaji hiyohiyo 42 ili apate B+ tu. Ndiyo maana testi ya wiki ya sita niliiogopa kuliko mtihani wenyewe. Karatasi za testi zikirudishwa usizifungie vitumbua. Piga picha, tia kwenye faili, kaa nazo mpaka uvae joho. CA ikibandikwa ukaona pengo kwenye jina lako, nenda kwa mhadhiri siku hiyohiyo, kabla ya UE. Baada ya UE wahadhiri wanatawanyika, na wewe unabaki kupanda na kushuka ngazi za idara na barua mkononi.

Sasa jedwali langu la pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita), ambalo nililitangaza hosteli nzima kabla halijaniumbua. Nilinunua mitihani ya miaka mitano pale stesheneri wanapouza madesa. Nikaandika mada za kozi kushuka chini, miaka kwenda kulia, na kila swali nikaliwekea tiki kwenye mada yake. Mada mbili zilikuwa zimetoka miaka yote mitano, tatu zimetoka mara nne nne. Mtihani ulikuwa na maswali matano, unachagua matatu. Nikazisoma hizo tano mpaka nikaziota, saba zilizobaki nikazipungia mkono. Watu walikuja chumbani kunakili jedwali, na mmoja aliniletea soda kwa heshima.

UE ikaja. Katika mada zangu ilitokea moja tu, nayo imegeuzwa sura. Kumbe mhadhiri aliyetunga miaka yote ile alikuwa amekwenda masomoni, na maswali yale yalikuwa yake binafsi, aliondoka nayo. Nikapata C: krediti 12 mara 2, pointi 24, mahali nilipokuwa nimeshaandika 48. Soda sikudaiwa, lakini salamu zilipungua.

Jedwali lenyewe si baya, nililitumia mpaka mwisho. Ila kwanza tazama jina la mhadhiri juu ya mpangilio wa kozi, kisha chukua miaka aliyofundisha yeye tu. Akiwa mgeni, weka kando pasti pepa, shika maswali yake ya semina na testi. Mengi hurudi, kabadilisha namba au mfano. Na kila mada, hata yenye tiki sifuri, jibu swali moja kwa kalamu, si kwa macho. Diskasheni pia: watu wanne, na kila mmoja aje na jibu lililoandikwa. Wakizidi sita, wawili wanafundisha na wengine wanachati.

Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu. Wakati wangu Bodi ya Mikopo ilikuwa ikitoa 8,500 kwa siku, siku 60 ni 510,000 (baadaye ikapanda kuwa 10,000). Kosa la wengi ni kugawa kwa 60, wakati bumu linalofuata linaweza kuchelewa wiki mbili. Mimi niligawa kwa 75, nikapata 6,800 kwa siku: chai na chapati mbili kama 1,500, wali maharage mchana kama 2,000, usiku hivyohivyo, kinachobaki ni fotokopi na daladala. Fedha yote nilikuwa naiweka kwenye laini ya pili ambayo namba yake ya siri anaijua mwenzangu wa chumba tu, mlokole asiyebembelezeka. Kila Jumatatu ananitolea ya wiki.

Nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, usisubiri mwezi wa tano kuiomba, nafasi nzuri huwa zimeshaombwa. Na logbuku, daftari la kazi ulizofanya kila siku, isainiwe kila Ijumaa, maana msimamizi wako atasafiri wiki ya mwisho, hilo sijui kwa nini lakini ndivyo inavyokuwa.

Matokeo ya mwisho yalipotoka nilijumlisha mwenyewe kabla ya kuamini. Mstari wa 3.5 ni pointi 1,260. Mimi nilikuwa na 1,268. Ingetokea kozi nyingine moja tu ya krediti 12 ikashuka daraja moja, ningekuwa na 1,256, yaani 3.48, na cheti kingeandikwa 3.4.