Ile damu ya katikati ya mwezi haikuwa hedhi

Hedhi yangu ilikuwa inakuja kwa wakati wake, lakini katikati ya mwezi nilikuwa naona matone ya damu. Mama mdogo alisema ni hedhi inayorukaruka, itatulia nikizaa tena. Mimi nikaanza kuandika: tarehe, damu ni nyekundu au ya kahawia, ute ukoje, na kama usiku wake nilikutana na mume wangu. Baada ya miezi michache ikaonekana wazi. Matone mengi yalifuata tendo la ndoa.

Daftari lile nikampelekea muuguzi wa kituo cha afya. Alilisoma lote, kisha akanichorea kizazi. Ile sehemu nyembamba ya chini, inayochomoza ukeni, ndiyo mlango wa kizazi, urefu wake sentimita 3 hadi 4 hivi. Damu ya hedhi inatoka juu, kwenye utando wa ndani wa kizazi, mlangoni inapita tu. "Ila mlango nao unaweza kutoa damu yake, dada," akaniambia. Unaweza kuwa na maambukizi, kinyama kilichoota, au saratani. Hata ute niliokuwa nauandika, mwingi unatengenezwa hapo: yai likikaribia kutoka unakuwa mwepesi na kuvutika kama ute wa yai la kuku, baadaye unakuwa mzito. Shuleni tulikaririshwa siku 28, na mlango huu hakuna aliyeutaja. Linaniuma hilo mpaka leo.

Akanipangia kipimo siku ambayo sitakuwa mwezini. Aliingiza kifaa cha kupanua uke, akapaka siki maalumu ya hospitali, akasubiri dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Kwangu haikugeuka, ila alikiona kinyama kidogo chekundu, wanakiita polipu. Daktari alikishika kwa koleo, akakizungusha mpaka kikatoka. Maumivu yalikuwa ya tumbo la hedhi, yakapita. Kinyama kikaenda maabara, kwa sababu ingawa nyingi si saratani, haitoshi kukiangalia kwa macho. Jibu likaja salama, na matone yakakoma.

Mdogo wangu ana miaka 26, akaniuliza kama na yeye aende. Nilimweleza nilivyoelezwa: Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi waanze na 25, kwa sababu kirusi cha HPV, kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, huwaelemea zaidi. Lakini huo ni uchunguzi wa asiye na dalili. Anayetoka damu baada ya tendo la ndoa, au kati ya hedhi na hedhi, aende sasa, awe na miaka yoyote.